Mahali Mukubwa Hafiki

Angélique Kalaba hakujua lolote kuhusu kompyuta siku aliyoajiriwa na kampuni ya Wavu. Wakati huo alikuwa akipokea wateja kwenye ofisi ya wasafirishaji wa mizigo, katikati ya mji wa Lubumbashi, na kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza watu waliokuja na hasira. Siku moja mfanyabiashara mmoja aliingia akipiga meza kwa sababu saruji yake ilikuwa imelowa mvua njiani. Angélique alimwacha aseme mpaka akauke koo, akampa maji, kisha akamweleza polepole nini kilitokea, nani wa kulaumiwa na nini kingefanyika kesho yake. Yule bwana alitoka akimwita "binti yangu". Kwenye benchi la wageni palikuwa na mwanaume mwingine aliyeyaona yote. Alingoja zamu yake, na zamu ilipofika hakuuliza habari za mzigo wowote. Alimwambia Angélique kwamba anatafuta mtu wa kueleza kitu ambacho macho hayakioni.

Mwanaume huyo alikuwa Jamali Nasoro. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani, babu yake akiwa fundi cherehani, na tangu hapo wamekuwa watu wa Lubumbashi kabisa. Jamali mwenyewe alisomea uhandisi. Yeye na rafiki yake Chisanga, fundi wa kuandika programu, walikuwa wamefungua kampuni ndogo huko Bel-Air, ndani ya komuni ya Kampemba, wakaiita Wavu. Programu yao iliunganisha kompyuta: za ofisi moja, au za matawi yaliyo mbalimbali, kiasi kwamba kilichoandikwa hapa kilionekana na kule. Mtandao ukikatika, programu ilitunza kila kitu kimya kimya, na mtandao ukirudi ilituma yenyewe.

Angélique aliizungusha mjini habari ya programu hiyo kwa maneno yake. Mama yake alikuwa muuza samaki wakavu sokoni Kampemba, mzaliwa wa Pweto, na mtoto aliyekulia nyuma ya meza ya samaki hujifunza mapema kwamba mteja haulizi kitu kimetengenezwaje; anauliza kitamfaa nini. Basi aliwaambia wenye maduka: ile unaandika hapa Bel-Air, bale ba Katuba banaiona palepale, na umeme ukikatika hakuna kintu kinapotea. Wakamwelewa. Kwa miaka kadhaa Wavu ilikua. Maduka ya dawa, shule za masista, maghala ya vifaa vya ujenzi, wote walikuja. Kampuni ikahamia ghorofani, ikaajiri msichana mwerevu aitwaye Exaucée kumsaidia Chisanga, na Jamali akaanza kuzungumza habari za mabenki.

Ndipo akaja yule waliyemwita Mukubwa.

Jina halisi la kampuni ile lilikuwa refu na la kigeni, na katika ofisi ya Wavu hakuna aliyependa kulitamka. Ilikuwa na matawi nchi nyingi, na ilipofika Lubumbashi haikuja na programu ya kuunganisha kompyuta tu. Ilikuja na kompyuta zenyewe, na programu imo ndani tayari. Ukinunua mashine, umenunua na mtandao wake. Hakukuwa na fundi wa kumngoja wala malipo ya pembeni. Wateja wa Wavu hawakugombana na mtu. Kila mmoja alipobadilisha mashine zake za zamani, aliondoka bila kelele, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri.

Aliyemuuma Angélique zaidi ni Mama Julienne. Huyu alikuwa na maduka ya dawa sehemu tatu za mji, naye ndiye mteja wa kwanza ambaye Angélique alimleta Wavu. Siku moja alimwita Angélique dukani kwake Katuba, akamtengea chai yenye sukari nyingi, akamwuliza habari za mama yake na miguu yake inayovimba. Halafu akaweka kikombe chini.

"Angélique, miye siko nakimbia Wavu," alisema. "Ordinatère mupya zinakuya na réseau, mutandao yabo, mule ndani. Unafungua tu, iko inatumika. Sasa nilipe ya pili juu ya nini?"

Angélique alikuwa na majibu ya kila aina kichwani, aliyoyatumia kwa wateja wengine: kwamba Wavu ni ya hapa, kwamba fundi akiitwa anafika siku hiyohiyo, kwamba Mukubwa hajui mateso ya umeme wa Lubumbashi. Lakini alimtazama yule mama aliyekuwa rafiki yake, akaona hakuna jibu hata moja linalojibu swali lile. Akamshukuru kwa chai. Alirudi Bel-Air kwa miguu ingawa jua lilikuwa kali na vumbi jekundu lilipanda mpaka magotini, kwa sababu hakutaka kufika haraka.

Ofisini Jamali aliposikia alianza kutembea kati ya meza. Alikuwa mtu mzuri, mkarimu, lakini mwenye fahari nyingi, na fahari hiyo ilikuwa imeugua. Alisema watatengeneza kila kitu ambacho Mukubwa anatengeneza, na watakifanya kizuri zaidi. Chisanga, ambaye kwa kawaida hakusema mpaka aulizwe, alimkumbusha kwamba Mukubwa ana maelfu ya mafundi na wao walikuwa wanne, tena mmoja wao ni Mama Angélique asiyeandika programu. Angélique akatoa wazo lililomjia njiani: kwa nini Wavu isijifunze kuongea na programu ya Mukubwa? Mteja abaki na mashine zake mpya, lakini Wavu ifanye ile kazi ambayo nyingine haiiwezi.

"Siku nitamufungulia mulango Mukubwa," Jamali alisema, "ile siku atalala mu kitanda yangu."

Neno hilo lilifunga mkutano.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama. Waliacha ghorofa wakahamia vyumba viwili nyuma ya duka la rangi, ambako harufu ya rangi iliwaumiza vichwa mpaka saa ya chakula. Angélique, mjane aliyekaribia miaka hamsini, alianza kujiuliza nani angemwajiri tena. Hakuyasema hayo kwa mtu. Nyumbani aliendelea kusonga bukari, ugali wake wa kila siku, na kucheka na jirani, lakini usingizi ulikuwa mwepesi.

Asubuhi moja Chisanga alimwita uani, wakasimama karibu na mapipa matupu ya rangi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya jambo na hataki lisikike kwanza kutoka kwa wengine.

"Yaya, dada yangu, bale ba Mukubwa baliniita ku kazi," alisema. "Na miye nilikubali. Niko na bana. Siwezi kubalisha espoir, matumaini matupu."

Angélique hakumlaumu. Alimwuliza tu kama Jamali anajua. Chisanga akasema atamwambia leo, na akamwambia kweli, mlango ukiwa umefungwa. Walipotoka, Jamali alimshika mkono Chisanga muda mrefu, kama watu wanaoagana msibani, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye gari lake lisilowaka. Ilikubaliwa kwamba Chisanga ataondoka mvua zikianza.

Katika kupunguza mzigo, Jamali aliamua pia kuwaacha wateja wa ziwani. Kando ya ziwa Mweru, huko Kilwa na Pweto, kulikuwa na wauza samaki wachache waliotumia Wavu. Angélique mwenyewe ndiye aliyewaleta, kupitia ndugu za mama yake. Ilikuwa mbali, barabara mbaya, na kila fundi aliyetumwa huko alirudi mgonjwa wa kiuno. Jamali alisema watu wale ni waungwana, haifai kuwaachisha kwa simu. Akamwomba Angélique aende kuwaambia ana kwa ana, na arudi na vifaa vya kampuni.

Aliondoka na lori la Kapya. Kapya alikuwa dereva wa makamo, mpole, aliyepeleka chumvi, sabuni na vitenge ziwani na kurudi na samaki. Walipita Kasenga, wakaendelea kaskazini kwenye barabara iliyochimbika kiasi kwamba lori lilikwenda kama mtu mzee anayetafuta viatu vyake gizani. Kila walipofika kwenye ghala la samaki Kapya alisimama, akaingia na simu yake mkononi, akakaa kitambo karibu na kompyuta ya ghala akizungumza habari za mvua, kisha akatoka. Angélique alidhani anachaji simu. Alikuwa na maneno yake magumu ya kuandaa, wala hakuuliza.

Kilwa alipokewa na Adija, mwanamke mrefu wa familia ya Kiislamu iliyofanya biashara ya samaki kwa vizazi. Adija alimpa maji ya kuoga, akamwandalia chakula, samaki wabichi wa siku hiyo na bukari ya muhogo, na hakumruhusu aseme neno la kazi kabla ya kunawa mikono. Walipomaliza Angélique alivuta pumzi ili aanze. Kwa adabu tu, kama njia ya kuingilia maneno, aliuliza mtandao wao ukoje siku hizi.

Adija alicheka. Alisema antena ya Kilwa imekufa tangu wiki iliyopita, na simu hazipigi hata mtu akipanda mlimani.

"Basi mumesimama kazi," Angélique alisema, na moyoni akaona labda ni afadhali hivyo.

"Hapana," Adija alijibu. "Kuya uone."

Alimpeleka kwenye chumba cha ghala chenye kompyuta kuukuu na betri ya gari chini ya meza. Juu ya kioo kulikuwa na hesabu ya samaki waliobaki kwenye ghala la Lubumbashi, bei ya chisense, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na maombi ya wanunuzi, vyote vya juzi. Angélique alisogea karibu. Aliiangalia kona ya chini, pale Wavu inapoonyesha kama kuna mtandao. Hakukuwa na mtandao.

Aliuliza habari hizo zimefikaje. Adija akamwonyesha dirishani. Nje Kapya alikuwa ameinama chini ya lori lake akikagua springi.

"Kapya njo antena yetu," alisema Adija. "Ile ya ku mulima ikikufa, hii yetu iko na magurudumu."

Akaeleza. Zamani, wakati mtandao ulikuwa unapatikana, walikuwa wameweka Wavu kwenye simu za madereva ili nao wajue mzigo gani unawangoja. Kwa programu, simu ya Kapya ilikuwa tawi kama matawi mengine. Mtandao ulipoanza kufa mara kwa mara, Adija aligundua kwamba Kapya akiingia ghalani na simu yake, kompyuta na simu zinapeana habari zenyewe, bila antena yoyote. Kapya akifika Lubumbashi, simu inazimwaga habari ilizobeba. Akirudi, inaleta majibu. Nahodha wa mashua iendayo Pweto naye alibeba simu ya namna hiyo. Hata muuguzi mkuu wa kituo cha afya pale Kilwa, bwana Mwape, alikuwa amemwomba Adija amsaidie kupeleka maombi ya dawa kwa njia hiyo, maana karatasi zake zilizoea kupotea Kasenga.

Angélique alikaa juu ya gunia la chumvi. Alikuwa ameiuza programu hiyo miaka yote, akiwaambia watu kwamba inatunza habari mpaka mtandao urudi. Chisanga aliiandika hivyo kwa ajili ya kukatika umeme kwa saa mbili tatu mjini. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtandao unaweza usirudi kabisa, na kazi ikaendelea.

Hakusema alichotumwa kusema. Badala yake alikaa Kilwa siku kadhaa, akaenda na Adija kwa bwana Mwape, akaona kabati la dawa lenye rafu tupu na lile lenye dawa zilizokaribia kuharibika kwa sababu zililetwa bila kuombwa. Alimsikia muuguzi akisema, bila kulalamika, kwamba mtoto akija na malaria kali anajua la kumfanyia, ila hajui kama kesho atakuwa na cha kumfanyia. Maneno hayo yalirudi naye Lubumbashi juu ya magunia ya samaki.

Jamali alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Exaucée alikuwa ameacha kuandika. Chisanga alikuwa akitabasamu peke yake, kama mzazi aliyesikia mwanawe amefanya jambo ugenini.

"Nilikutuma ufunge mulango," Jamali alisema. "Unarudia na nyumba muzima."

Lakini hakufurahi. Alisema ni samaki. Alisema amesoma miaka yote ile ili kuunganisha mabenki, siyo kumfanya dereva wa lori kuwa antena. Alisema pia, na hapo hakukosea, kwamba wauza samaki wachache hawawezi kuiweka kampuni hai. Angélique hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba mjini watauza kitu ambacho Mukubwa anakitoa bure. Na mtu hashindani na bure. "Tuuzishe ile yenye Mukubwa haina," alisema, kisha akaenda kuoga vumbi la safari.

Siku iliyofuata alikwenda Katuba, kwa Mama Julienne. Safari hii hakwenda kumrudisha. Alikwenda kumsimulia habari za kabati la Mwape, kama mtu anavyomsimulia rafiki. Mama Julienne alisikiliza akipanga masanduku, na polepole mikono yake ikasimama. Kumbe kwa muda mrefu alikuwa anataka kupeleka dawa ziwani, ila kila alipojaribu alipeleka kwa kubahatisha: dawa hizi zikaoza, zile zikakosekana. Aliuliza maswali mengi. Mwishoni akasema jambo moja.

"Kama hii kintu yenu inaweza kuongea na ile ya Mukubwa mu maduka yangu, minakuya. Kama haiongee, iko bure. Siwezi kuandika mara mbili."

Hapo ndipo njia yote ilipogota kwenye fahari ya Jamali. Angélique alimpelekea maneno yale yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Jamali aliendelea na hesabu zake siku ile, na siku ya pili pia. Siku ya tatu hakuonekana ofisini, na mkewe Mounira alipopigiwa simu alisema, kwa mshangao kidogo, kwamba mumewe ameondoka alfajiri na lori la samaki.

Mvua za kwanza zilimkuta njiani. Lori la Kapya lilizama kwenye tope kabla ya Kilwa, na mhandisi Jamali Nasoro alisukuma pamoja na abiria wengine, viatu vyake vimefungwa kamba shingoni. Aliporudi Bel-Air suruali yake ilikuwa imekauka kama ubao. Hakusimulia mengi. Alisema alikaa kwenye kituo cha afya asubuhi nzima, akamwona mama mmoja aliyetembea na mtoto mgongoni tangu alfajiri, na dawa ikawepo, kwa sababu ombi la Mwape lilifika mjini ndani ya simu ya Kapya kupitia kwa Adija. Alisema pia kwamba alikuwa amesimama pale na hakuna aliyejua kuwa programu ile ni yake, na kwamba hilo halikumuuma kama alivyodhani.

Kisha akamgeukia Chisanga. Alimwuliza, kwa sauti ya chini, kama ule mlango wa kuongea na Mukubwa unaweza kuandikwa kabla hajaondoka.

Chisanga aliwaomba waajiri wake wapya wamngoje kidogo. Walikubali, hawakuona hasara. Yeye na Exaucée walikaa vichwa vimegusana juu ya mashine moja, na Angélique akawa anawaletea mihogo ya kuchoma na karanga, akiwafukuza waende nyumbani jioni ikifika. Siku yake ya mwisho Chisanga aliacha kila kitu kwa Exaucée, hata kiti chake kizuri. Jamali alimpa shati alilotengenezewa na fundi wa ukoo wao. Chisanga alilivaa palepale juu ya lile alilokuja nalo, akaondoka akiwa na mashati mawili na joto lote lile.

Jaribio la kwanza lilikwenda vibaya. Ombi la Mwape lilifika kwa Mama Julienne, likatokea kwenye mashine zake za Mukubwa sawasawa, na wote wakapeana mikono. Baada ya siku chache likafika tena. Lilibebwa na Kapya, na dereva mwingine aliyepita ghalani baadaye alilibeba pia, na programu ikalihesabu kuwa maombi mawili. Mama Julienne alikuwa amekwisha kupakia dawa mara mbili. Alimpigia simu Angélique na kumwambia, bila kupandisha sauti, kwamba anaheshimu urafiki wao lakini duka lake si mahali pa kujifunzia.

Angélique alikwenda mwenyewe kusimama mbele yake. Hakumlaumu Exaucée wala barabara. Alisema kosa ni la Wavu, mzigo uliozidi watautafutia vituo vingine njiani, na hawatamwomba apakie tena mpaka waone kwa macho yao kwamba madereva wengi wanaweza kubeba neno moja na likafika mara moja. Mama Julienne alimtazama. Akasema, basi, mwende mutengeneze. Exaucée alichukua muda. Alikuwa peke yake sasa na aliogopa. Siku nyingine Angélique alimkuta amelala kichwa juu ya kibodi. Lakini suluhisho alilipata, na alipolipata hakupiga kelele. Alikuja kwenye meza ya Angélique na simu mbili mikononi, moja kama Kapya na moja kama mwenzake, akaziweka karibu na kompyuta, wakaangalia pamoja. Ombi likaingia mara moja tu. Wakazitoa, wakazirudisha. Bado moja.

Vile vituo vilivyopokea dawa za ziada, kimoja kule Kasenga na kingine kijijini kandokando ya mto Luapula, viliuliza dawa hizi zimejuaje njia. Waliambiwa. Nao wakataka.

Haikuwa mvua ya baraka iliyonyesha mara moja. Mabenki hayakuja, na wateja wa mjini waliokwenda kwa Mukubwa walibaki huko. Vyumba nyuma ya duka la rangi ndivyo vilevile, na vichwa bado viliuma. Lakini vituo vya afya viliongezeka kimoja kimoja, kisha wanunuzi wa mahindi, kisha shule zilizotaka matokeo ya mitihani yafike bila mtu kusafiri nayo. Jamali aliacha kusema habari za kumshinda Mukubwa. Siku moja muuzaji wa Mukubwa mwenyewe, kijana mtanashati aliyebanwa na mteja mwenye matawi ziwani, alimpigia Angélique na kumwuliza kama wanaweza kwenda pamoja kumwona. Walikwenda. Kijana alieleza yake, Angélique akaeleza yake, na mteja akachukua zote mbili.

Ila Jamali alikuwa Jamali, na hofu yake ilitafuta mahali pengine pa kukaa. Jioni moja walipokuwa wanafunga ofisi alimwuliza Angélique watafanya nini siku antena nzuri zitakapofika Kilwa na Pweto, au vile visahani vya satelaiti vinavyoanza kuonekana juu ya mapaa ya wenye uwezo.

Angélique alikuwa amelifikiria hilo mara nyingi barabarani. "Siku zitafika, tutafurahi, juu bagonjwa batafurahi," alisema. "Na sisi tutatafuta kule kwenye hazijafika. Congo iko mukubwa, papa Jamali. Kushinda Mukubwa."

Jamali alicheka mpaka akakohoa.

Mwaka huu, mvua zilipopungua, mganga mkuu wa vituo vya afya vya upande wa Pweto alifika Bel-Air akiwa na vumbi la safari nzima kichwani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema ana vituo vingi, vingine vinafikiwa kwa mtumbwi tu, na amesikia habari zao kwa nahodha mmoja. Umeme ulikatika wakati Exaucée anamwonyesha, basi wakatoa viti uani na kuendelea kwa maneno. Angélique hakumwahidi mengi. Alimweleza nini programu inaweza, nini haiwezi, na makosa gani walikwisha kuyafanya, hata lile la dawa kufika mara mbili. Yule daktari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nahodha wa mtumbwi usio na injini anaweza kubeba simu.

Exaucée akasema anaweza, mradi asiilowanishe.

Daktari akakubali wajaribu. Wiki iliyofuata walipakia kompyuta kwenye lori, wakazifunga ndani ya mablanketi na kuzikaza kwa kamba katikati ya magunia ya chumvi. Jamali alizunguka lori akivuta kila kamba kwa mkono wake. Angélique alipanda mbele na chupa ya chai na koti la mvua, Exaucée akabanana kando yake, safari yake ya kwanza kuliona ziwa. Kapya akawasha injini, wakashika barabara ya Kasenga.